UZI: Vichimbakazi wa maua wa Cicely Mary Barker, na miiko ya Waingereza juu ya maua ya kila msimu

JasminiLaTanga

Wakuu salaam. Uzi huu wa vichimbakazi, wale viumbe wadogo wasioonekana wa hadithini, ninao kichwani tangu mwaka jana mwezi wa tano. Leo niko mapumziko, nauandika. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande. Majina ya maua nayaacha kama Waingereza wenyewe wanavyoyaita, maana mengi hayaoti kwetu na sitaki kuyabandika majina ya kubuni.

Naishi kusini mwa London, kazi yangu ni chekechea. Njia ninayopita asubuhi ina uzio mrefu wa miti ya miiba inayoitwa hawthorn. Ukifika mwezi wa tano uzio wote unageuka mweupe, vijiua vya petali tano vimejazana mpaka majani huyaoni. Siku hiyo nikakata tawi moja, nikaliweka mezani ndani ya chupa ya maji. Jioni jirani yangu, bibi aliyepita miaka 80, akaja kunirudishia bakuli. Alipoliona lile tawi hakuingia. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi, akasema, "Mwanangu, toa hilo nje kwanza."

Nikalitoa nikaliweka kwenye ngazi, ndipo akaingia. Akanieleza kuwa mama yake hakukubali hata siku moja hawthorn ivuke kizingiti. Likiingia ua hilo ndani, nyuma yake kinaingia kifo. Hakuwa ananitisha. Alisema kama mtu anavyokwambia usiache sufuria kwenye moto.

Alipoondoka nikalifuata lile tawi nikalinusa vizuri. Kwa mbali linanukia utamu. Ukisogeza pua kabisa, chini ya ule utamu kuna harufu nyingine, na mimi niliyekuwa nikitumwa samaki tangu mdogo niliijua pale pale: samaki aliyelala.

Nikaenda kusoma. Ua la hawthorn lina kemikali inayoitwa trimethilamini. Ndiyo hiyo hiyo inayompa samaki aliyeanza kuharibika harufu yake, na hutoka pia kwenye mwili wa mtu au mnyama unapoanza kuoza. Sasa fikiria Uingereza ya zamani. Maiti ililazwa chumbani siku kadhaa kabla ya kuzikwa, na kila mtu mzima aliijua harufu ile. Halafu mtoto anaingia na tawi jeupe la maua, na chumba kinanuka vile vile. Mwiko haukutoka hewani.

Kesho yake yule bibi akaniletea kitabu chake cha utotoni, kurasa zimeshakuwa na rangi ya chai. Ndicho kilichonileta hapa. Naendelea.

JasminiLaTanga

Kitabu kinaitwa Flower Fairies of the Spring, yaani vichimbakazi wa maua ya majira ya machipuko. Kila ukurasa una ua moja, na kwenye ua hilo amekaa au amesimama mtoto mwenye mabawa, nguo yake imekatwa kwa petali na majani ya ua lile lile. Pembeni kuna shairi fupi.

Aliyechora na kutunga ni Cicely Mary Barker, mzaliwa wa Croydon, 28 Juni 1895. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, kwa hiyo hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani, na siku nyingi alishinda kitandani na vitabu vya picha na rangi zake. Baba yake alikuwa mshirika katika kampuni ya mbegu na mwenyewe alipenda kuchora. Mwaka 1908, binti akiwa na miaka 13, baba akamwandikisha masomo ya jioni kwenye shule ya sanaa ya Croydon. Mwaka 1911 kampuni ya Raphael Tuck ikanunua picha zake nne za kadi. Mwaka 1912 baba akafariki, na nyumba ikabaki ya mama na mabinti wawili. Dada yake mkubwa Dorothy akawa mwalimu, baadaye akafungua chekechea humo humo nyumbani. Cicely akawa anauza picha.

Kitabu hicho cha kwanza kilitoka mwaka 1923 kwa wachapishaji Blackie. Picha 24 na mashairi 24. Alilipwa pauni 25 kwa yote.

Cha kiangazi kikafuata 1925, cha pukutiko (majira ya majani kudondoka) 1926, na vingine vya miti, vya bustani na vya kando ya njia mpaka 1948. Kile cha majira ya baridi kilikusanywa mwaka 1985, yeye alikuwa ameshafariki tangu 1973.

KalamuNyeusi

Dada, nimesoma mara mbili hapo kwenye pauni 25. Mimi nachora vitabu vya watoto hapa Nairobi na najua uchungu wa kulipwa mara moja halafu kitabu kinauzwa miaka na miaka. Pauni moja kwa picha, na shairi juu yake! Alipata chochote baadaye?

Na swali la fundi kwa fundi: alikuwa anachora kutoka kichwani au alikuwa na mtoto mbele yake? Nikitazama picha zake, mkao wa miguu na mabega ni wa mtoto halisi kabisa. Hayo mtu habuni.

JasminiLaTanga

KalamuNyeusi, mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, alianza kuupata kwenye kitabu cha pili, cha 1925.

Na umeona sawasawa, hakubuni. Watoto wa chekechea ya dada yake ndio waliokaa mbele yake akawachora, pamoja na watoto wa ndugu na wa majirani. Kichimbakazi wa primrose kwenye kitabu cha kwanza ni msichana aliyekuwa akija Jumamosi kusaidia kazi za nyumbani.

Nguo alizishona mwenyewe. Mabawa aliyatengeneza kwa vijiti na kitambaa cha shashi, akayafunga mgongoni mwa mtoto. Picha ikiisha, nguo ilifumuliwa, kitambaa kikatumika kwa kichimbakazi mwingine. Yaani kulikuwa na rundo moja la vitambaa lililozunguka kutoka ua hadi ua.

Lakini hili ndilo lililonifanya nimheshimu: mtoto alipewa ua halisi alishike mkononi wakati anachorwa. Barker alitaka kuona kikonyo kinavyopinda, jani lina meno au halina, petali zinavyopandana. Kitu kimoja tu alichobadilisha ni ukubwa, ua alilikuza lilingane na mtoto. Mengine aliyaacha kama yalivyo. Na mmea ukimshinda kuupata karibu, wafanyakazi wa Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, walimletea.

Kwa hiyo ukikishika kitabu chake na ukaenda porini, utalitambua ua. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa maua kumi na moja, halikunipotea hata moja.

KalamuNyeusi

Hilo la mtoto kushika ua nalichukua. Mkono ulioshika kitu huwa unabadilisha bega zima. Ukichora mtoto peke yake halafu ukambandikia ua baadaye, jicho linajua hata kama mtu hawezi kusema kosa liko wapi.

MzeeWaKibokoni

Mwanangu Jasmini, nafuata uzi wako toka mwanzo. Nina mawili.

Kwanza neno. Nimefurahi umetumia kichimbakazi, maana vijana siku hizi hawalijui, wataka kusema malaika wadogo, na malaika ni jambo jingine kabisa. Kichimbakazi yuko katika kamusi na yuko katika hadithi za bibi zetu. Kibwengo naye ni mwingine, huyo wa pwani na wa mitini, na hafai kuwekwa pamoja na watoto.

La pili ndilo linanikera kidogo. Sisi twaambiwa tangu wadogo, mbuyu usiuchezee jioni, na mti fulani usipite chini yake saa sita mchana. Hawa wasioonekana ni watu wa kuogopwa. Sasa mama huyu amewavika mabawa na kuwaweka juu ya maua. Hao Waingereza hawakuwa na hofu?

JasminiLaTanga

Shikamoo mzee. Asante kwa neno, nilikuwa na wasiwasi nalo.

Walikuwa na hofu, tena kubwa. Huko vijijini mwao hao viumbe walisemekana kuiba mtoto mchanga na kuacha wa kwao kitandani. Watu hawakuwataja kwa jina, waliwaita majirani wema, kama sisi tunavyozunguka tusiseme jina la kitu usiku. Mti wa rowan walipanda karibu na mlango kujikinga. Chuma kiliwekwa kwenye susu la mtoto.

Mabawa na utamu vilikuja baadaye, kwa wachoraji na watu wa tamthilia. Barker alikulia wakati huo. Peter Pan, tamthilia yenye kichimbakazi ndani yake, ilionyeshwa London mara ya kwanza mwaka 1904, yeye ana miaka tisa. Mwaka 1917, kijiji cha Cottingley huko Yorkshire, wasichana wawili mtu na binamu yake, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa 9, wakapiga picha za kamera zikiwaonyesha pamoja na vichimbakazi kijitoni. Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, akaziamini na kuzitoa kwenye jarida la Strand Desemba 1920. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita kuu, kila nyumba imezika, watu walitaka sana kuamini kwamba kuna kitu kizuri kisichoonekana. Wale wasichana walikuja kukiri mwaka 1983, wakiwa bibi vizee, kwamba walikata picha za karatasi na kuzisimamisha kwa pini za kofia.

Kitabu cha Barker kilitoka miaka mitatu baada ya lile jarida. Angeweza kabisa kulipanda lile wimbi na kusema amewaona. Hakufanya hivyo. Kwenye utangulizi wa kitabu chake cha 1948 aliwaambia watoto wazi kwamba mimea ameichora kwa uangalifu kutoka mimea halisi, na aliyoyasema juu yake ni kweli kadiri alivyoweza, ila kichimbakazi hajawahi kumwona hata mmoja, hao ni wa kuigiza tu. Mwanamke aliyeishi na hao viumbe miaka 25 na ushei mezani kwake. Mzee, mimi nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu kwanza.

MzeeWaKibokoni

Marahaba mwanangu. Basi huyo nampa heshima yake. Amesema kweli kwa watoto, na watoto ndio rahisi kuwadanganya.

NesiZamuYaUsiku

Nasubiri miiko zaidi. Hilo la hawthorn limenifungua macho, harufu ile tunaijua sisi tunaofanya kazi wodini.

JasminiLaTanga

Karibu nesi. Nakwenda kwa misimu, ila sitagusa kila ua, nachagua yale niliyoyashika.

Namalizia hawthorn kwanza. Ua hilo hilo linaloogopwa ndani, nje ndilo la sherehe. Waingereza wanaliita pia "may", kwa jina la mwezi wenyewe. Tarehe 1 Mei watu walikata matawi alfajiri, wakapamba milango kwa nje. Lakini ukienda leo tarehe moja, sehemu nyingi bado ni tumba. Sababu kubwa ni kalenda: mwaka 1752 Uingereza ilihama kalenda ya kale, ikaruka siku 11. Jumatano ya tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi ya tarehe 14. Kwa hiyo 1 Mei ya mababu ilikuwa kama 12 Mei ya sasa, na tarehe 12 ukienda kwenye ule uzio wangu, mweupe pe. Sikukuu ilihamishwa kwa sheria, mti haukupelekewa taarifa.

Wana usemi pia kwamba usivue nguo ya baridi mpaka may itoke. Wanabishana mpaka leo kama ni mwezi utoke au ua litoke. Mimi nashika ua. Mwaka huu nilivua koti mapema kwa kufuata jua la mwezi wa nne nikaugua mafua wiki nzima.

Kiangazi: elder. Mti mdogo, maua yake ya rangi ya maziwa yamekaa kama sahani, mwezi wa sita watu wanayachuma kutengeneza sharubati. Lakini huukati bila kuomba ruhusa. Ndani yake anakaa Mama wa mti, imani hii wanayo Waingereza na Wadenmark pia. Anayekata anatakiwa aseme, kwa ufupi, kwamba bibi nipe mti wako, na mimi nikiwa mti nitakupa wangu. Na kamwe susu la mtoto lisitengenezwe kwa mbao zake, Mama atakuja kumfinya mtoto usiku. Majani na matawi ya elder yana sumu ya jamii ya sianidi, kama ile ya muhogo mchungu. Kumweka mtoto mchanga anayetafuna kila kitu kwenye kitanda cha mti huo si jambo la busara hata bila Mama.

Halafu foxglove, maana yake glavu ya mbweha. Kikonyo kirefu kuliko mtoto wa miaka saba, kengele za zambarau zimening'inia upande mmoja. Ndani ya kila kengele kuna madoa meusi yaliyozungushiwa weupe. Wanasema ni alama za vidole vya vichimbakazi. Yako kwa ajili ya nyuki, yanamwonyesha njia ya kuingia. Barker alimweka kichimbakazi wake kwenye kitabu cha kiangazi. Watoto walionywa wasilichume, kwa sababu wenye maua watakasirika.

NesiZamuYaUsiku

Hapo nisimame mimi. Hilo ua ndilo digitalis! Digoxin ninayowapa wagonjwa wa moyo inatoka kwenye ukoo wa ua hilo. Niko Dodoma, sijawahi kuliona hata siku moja, lakini dawa yake nimeishika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kwa wasiojua: kabla ya kumpa mtu mzima digoxin, unashika mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, humpi, unamwita daktari. Kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua vimekaribiana mno. Na mgonjwa akianza kusema anaona vitu vina rangi ya njano au kijani, ujue imemzidi. Niliwahi kuwa na mama mmoja aliyeniambia asubuhi kwamba shuka zimepakwa manjano. Hakuwa anaweweseka. Tulisimamisha dawa siku ile ile.

Kwa hiyo kumwambia mtoto "usiguse, wenyewe watakasirika" ni onyo sahihi kabisa, lugha tu ndiyo nyingine.

JasminiLaTanga

Nesi, nimesisimka. Sikujua habari ya rangi.

Na walioleta dawa hiyo hospitalini waliipata kwa mama wa kijijini. Daktari William Withering wa Birmingham, mwaka 1775, aliulizwa juu ya dawa ya kienyeji ya mama mmoja mzee wa Shropshire aliyekuwa akitibu watu waliovimba mwili, hata walioshindikana kwa madaktari. Dawa ile ilichanganywa mimea ishirini na zaidi. Withering alikuwa anajua sana mimea, akatambua inayofanya kazi ni foxglove. Akajaribu miaka kumi, akaandika wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na waliokufa, akachapisha mwaka 1785. Jina la yule mama hakuliandika.

mama_wa_watatu

Naomba niulize swali ambalo huenda wengine wanaliogopa. Haya ni mambo ya watu wengine na maua ya watu wengine. Mimi niko Morogoro, wanangu wataona lini hawthorn? Si bora tuandike ya kwetu?

JasminiLaTanga

Swali zuri dada, na ya kwetu tuyaandike kweli, tena haraka, kabla bibi zetu hawajaondoka nayo. Ila naomba nikuonyeshe ukurasa mmoja ambao hauko mbali na Morogoro hata kidogo.

Kwenye kitabu cha pukutiko kuna kichimbakazi wa matunda ya mnavu-mwitu wao, yale mekundu yanayong'aa. Anawauliza wenzake kama matunda yake hayawatamanishi, wenzake wanatikisa kichwa. Barker anawaonya watoto wasiyale. Mmea huo kwa jina la kitaalamu ni Solanum dulcamara. Ua lake ni la zambarau, petali zimekunjwa nyuma, katikati pamechomoza koni ya njano. Nilipoliona nilisema, mbona ni ua la ndulele!

mama_wa_watatu

Ndulele hii hii?

JasminiLaTanga

Ukoo mmoja. Ndulele, nyanya, bilinganya, kiazi mviringo, mnavu tunaopika, yote ni Solanum. Toka nje utazame ua la bilinganya kisha ua la ndulele. Zambarau ile ile, koni ya njano ile ile. Na sisi tuliambiwaje utotoni? Ndulele ikiiva na kuwa ya njano, mtoto asiiweke mdomoni.

mama_wa_watatu

Nimetoka nje kweli na simu. Liko nyuma ya choo, lina ua moja na matunda manne. Ni kama ulivyosema. Bibi yangu alitumia mzizi wake kwa meno lakini tunda alitukataza kwa fimbo. Sikujua kama nyanya ni ndugu yake. Basi endelea dada, nipo.

JasminiLaTanga

Nifunge pukutiko kwa beri nyeusi, zile za miiba zinazoota kila kona ya London, hata kando ya reli. Hizi ndizo nazipenda. Watu wote wanachuma Agosti na Septemba, bure, wanarudi na mikono imechanika na vidole vya zambarau. Lakini baada ya 29 Septemba, sikukuu ya malaika Mikaeli, hupaswi kuchuma. Shetani alipotupwa kutoka mbinguni siku hiyo, aliangukia kwenye kichaka cha beri, miiba ikamchoma, na kwa hasira akazitemea mate. Wanaofuata kalenda ya kale wanahesabu mpaka 10 Oktoba.

Nilijaribu mwenyewe. Nilirudi kichaka kile kile mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Mara ya pili beri zilikuwa zimejaa maji, hazina ladha, nyingi zimeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Moja niliyoitia mdomoni niliitema. Mate ya Shetani ni maneno, lakini tarehe waliipatia.

KalamuNyeusi

Dada, niruhusu nipinge kidogo. Naona unaelekea kusema kila mwiko una sababu ya kisayansi chini yake. Naogopa hapo. Nyumbani kwetu kuna miiko iliyomnyima mwanamke mayai na maini miaka yote, na sababu yake haikuwa afya ya mtu. Mwingine ni wa kulinda, mwingine ni wa kunyima, mwingine ni wa kuliwaza tu.

JasminiLaTanga

Umenisahihisha vizuri na nakubali. Nitakupa mfano unaokuunga mkono: snowdrop. Ua la kwanza kabisa la mwaka, linatoboa ardhi Januari wakati mwingine theluji ikiwa juu. Jeupe, limeinamisha kichwa. Wakristo wa kule waliliunganisha na 2 Februari, sikukuu ya mishumaa ya Bikira Maria, kwa hiyo lilipandwa sana kwenye viwanja vya makanisa. Na viwanja vya makanisa ndiyo makaburi. Basi likaitwa ua la sanda, na kuingiza ndani snowdrop moja peke yake ikawa ni kuita kifo. Halinuki vibaya, na kulitazama mezani hakumdhuru mtu. Limepewa jina baya kwa sababu ya majirani zake.

Nilimuuliza yule bibi juu ya hilo. Akaniambia mdogo wake alifariki Februari, na juma lile yeye, akiwa na miaka sita, alikuwa amemletea mama yake ua moja la snowdrop. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini mpaka leo hajasahau. Kwa hiyo ndiyo, KalamuNyeusi, mwiko mwingine unamwachia mtoto mzigo asioustahili.

MzeeWaKibokoni

Miaka sita. Maskini ya Mungu. Mpe salamu zangu, mwambie kuna mzee Mombasa amemwombea.

NesiZamuYaUsiku

Na zangu.

JasminiLaTanga

Zitafika. Kipande cha mwisho, KalamuNyeusi hiki ni chako.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliwaomba wakubwa wangu kazini ruhusa ya kufanya kama Barker na watoto wangu, wa miaka minne na mitano. Nililenga primrose, rangi ya siagi, petali tano zenye mkato kama moyo, ziko bustanini kwetu hazihitaji kutafutwa. Shashi sikupata, nikatumia pazia jepesi na vijiti vya mti. Kila mtoto alishika ua lake, mwenzake akamchora, kisha wakabadilishana.

Michoro ilikuwa ya watoto, mabawa makubwa kuliko mlango. Lakini wasichana wawili wakaanza kugombana. Mmoja anasema ua lina kichwa cha pini katikati, mwingine anasema halina, lina vumbi vumbi. Nikadhani mmoja amekosea. Nikainama nikatazama kwenye tundu la ua la huyu, kisha la yule. Wote wawili walikuwa sawa! Primrose ziko za aina mbili: kwenye mmea mmoja stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, ndiyo imepanda juu, inaonekana kama pini ya kijani, na kwenye mwingine stameni, sehemu za kiume, ndizo zilizo juu na chavua yake. Ni kwa ajili ya kubadilishana chavua, ua lisijizalishe lenyewe. Charles Darwin aliliandika jambo hilo mwaka 1862.

Nimepita pale miaka minne nikiyatazama yale maua. Sikuwahi kuona.

KalamuNyeusi

Na michoro yao? Walichora tofauti?

JasminiLaTanga

Mmoja kaweka nukta ya kijani katikati. Mwingine kaweka vinukta vitano vya rangi ya chungwa. Nimezibandika pamoja ukutani, kwenye urefu wa macho yao.

mama_wa_watatu

Dada, ndulele yangu bado ina ua lile moja. Wanangu wakitoka shule saa nane nitawapa karatasi. Walishike au lina miiba mibaya?

JasminiLaTanga

Kikonyo kina miiba midogo. Likate wewe kwa mkasi, lizungushie kitambaa chini, halafu wape. Wanawe mikono wakimaliza. Na tuwekee picha hapa.